Diski Tatu za Jumamosi

Kazi yangu mimi ni kushuku. Mashine ikinyamaza nashuku, ikipiga kelele nashuku, na mtu akinichekea asubuhi kabla sijaweka mkoba chini namshuku maradufu. Kwa hivyo Jumatatu ile nilipofungua skrini yangu pale yadi ya malori ya Lanet, nikasoma kwamba diski moja ilichomolewa kwenye seva ya pili Jumamosi saa tano na dakika arobaini na kurudishwa saa sita na dakika ishirini, sikujiuliza kama kuna mtu ananichezea. Nilijiuliza ni nani tu. Mimi ni Msabato. Jumamosi nazima simu nikiingia kanisani na siiwashi hadi jua lizame, na yadi nzima inajua, kwa sababu niliwaambia mwenyewe, tena kwa ukali, baada ya kupigiwa simu mara mbili katikati ya mahubiri.

Ingekuwa ni hesabu za dizeli tu mle ndani, ningenung'unika kidogo nikaendelea na chai yangu. Lakini mle ndani kulikuwa na video ya Kibii.

Kibii ni dereva wa trela. Mwezi wa pili, akitoka Kitale na mahindi, lori lilikataa kusimama kwenye mteremko wa kuingia Salgaa, likagonga gari dogo lililokuwa mbele, na mwanamume mmoja akafa papo hapo. Polisi wakamshtaki Kibii kwa kuendesha ovyo na kusababisha kifo. Malori yetu yana kamera mbili, moja inaangalia barabara, nyingine inamwangalia dereva na kunasa sauti yake. Niliitazama video hiyo siku lori lilipovutwa hadi yadi. Dakika kumi na moja kabla ya ajali unamsikia Kibii akipiga simu kwa spika, anasema upepo wa breki unashuka, anataka kuegesha. Sauti kutoka karakana yetu inamjibu, "Shuka nayo tu pole pole, utatengenezewa Lanet." Kibii anasema, "Sawa, lakini nimekuambia."

Hakukuwa na kitu kingine duniani cha kumwokoa. Fundi aliyepokea simu alikuwa ameshakana, na kadi ya kamera ya lorini hujifuta kila wiki. Kesi ilikuwa imepangwa Jumatano ya mwisho wa mwezi. Kibii alikuwa nje kwa bondi, amesimamishwa kazi, ana watoto watatu, na kila siku mbili tatu alikuwa anakuja kusimama getini kuniuliza kama ile kitu bado iko. Namwambia iko. Anashukuru, anarudi nyumbani.

Hifadhi hiyo niliijenga mimi, Trizah Sitati wa mtaa wa Section 58, na nilijivunia kuliko nilivyokuwa nakiri. Kabla yangu kila ofisi ilikuwa na kompyuta yake na mafaili yake, na mashine moja kuukuu iliyokuwa ikijaa kila mwisho wa mwezi. Mimi nilinunua seva tatu za kawaida, diski nane kwa kila moja, na programu inayozifunga pamoja zikawa ghala moja. Akili yote iko kwenye programu. Chuma ni chuma tu. Video ikiingia inakatwa vipande, na kila kipande kinaandikwa mara mbili, kwenye seva mbili tofauti. Diski ikifa, programu inaitafuta nakala ya pili na kuiandika upya mahali pengine bila kumsumbua mtu. Wenye busara huandika mara tatu. Mimi niliandika mara mbili, kwa sababu video hula nafasi vibaya na nilitaka bosi wangu aone ghala kubwa.

Bosi wangu ni Rupinder, binti ya Mzee Manjit mwenye malori. Siku ya kuzindua, mzee aliletewa kiti cha plastiki akakaa mbele ya mlango, madereva na mafundi wakajazana nyuma yake, nami nikaweka video ichezwe kwenye skrini kubwa. Kisha nikachomoa diski moja mbele ya macho yao. Video haikukwama hata kidogo. Wakapiga makofi. "Hapa hakuna diski ya maana kuliko mwenzake," nikawaambia. "Toa yoyote, kazi inaendelea." Sentensi hiyo ilinifurahisha sana, nikairudia.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya betri zamani, na funguo zilikuwa kwa watu wawili, mimi na Okeyo. Okeyo ndiye mtunza stoo, mtu wa karibu kustaafu, aliyezaliwa kwenye nyumba za reli baba yake akiwa fundi wa injini. Tairi zote za kampuni zimekuwa mikononi mwake kwa miaka ishirini na miwili. Diski zilipoletwa alikaa juu ya boksi, akavaa miwani, akaandika namba ya kiwandani ya kila moja kwenye kitabu chake, zote ishirini na nne, huku mimi nikisimama nimeshika kiuno. Nilimcheka. Programu yangu huzipa diski majina yake yenyewe, sifuri hadi ishirini na tatu, na mimi hizo namba za kiwandani sikuziandika popote.

Basi, mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa Okeyo, kwa sababu ya ufunguo. Lakini Okeyo ana haja gani na video? Jibu nililipata kesho yake, Jumanne, Rupinder aliponiita ofisini.

"Trizah, nitolee ile video ya Kibii kwa flash," akasema, akiwa anasaini risiti. "Nataka kupelekea wakili."

"Wakili gani?"

"Wa kampuni. Kwani kuna mwingine?"

Nikahisi kichwa kinapata moto. Video ile inamtoa Kibii na kuiingiza kampuni. Nani mwenye akili timamu angepeleka kitu kama hicho kwa wakili wake mwenyewe, kama si kukizika? Flash ikitoka kwangu, baadaye ninaambiwa nifute ya kwenye ghala kwa sababu nafasi imejaa, na hadithi inaishia hapo. Nikadanganya bila kupepesa jicho.

"System bado inajirekebisha, madam. Nikitoa saa hii inaweza kuharibika. Nipe siku chache."

"Case ni end month."

"Itakuwa tayari."

Mtu ataniuliza kwa nini sikujitolea nakala yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesaini barua kwamba data ya kampuni haitoki kwenye yadi, na niliogopa kufukuzwa kama mwizi. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kiburi. Flash hupotea kwenye mkoba, nilijiambia. Ghala langu halipotezi kitu.

Jumamosi iliyofuata ikatokea tena, seva ya tatu safari hii, dakika arobaini zile zile. Nikawa nina hakika kwamba Rupinder, baada ya mimi kumkatalia, anamtuma Okeyo achomoe diski moja moja, ziende kwa mtu wa kuzipekua, zirudi kabla sijajua. Sikumwuliza Okeyo chochote. Ukimwuliza mwizi unamfundisha kujificha. Nilimwamkia kila asubuhi kwa sauti tamu na kumtazama mikono.

Alhamisi akanikuta naosha kikombe.

"Madam, hizi diski zako zinachoka, eh?" akasema. "Zingine taa inawaka siku mzima, zingine zimelala tu."

"Zinafanya kazi yake, mzee."

"Hapana, nasema tu. Sio haki."

Maneno hayo niliyageuza kichwani hadi Ijumaa jioni. Nilisikia kejeli, nilisikia kitisho, nilisikia kila kitu isipokuwa alichokisema. Na Jumamosi ya tatu, kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe, sikwenda kanisani.

Niliingia yadi saa tatu asubuhi kupitia geti la nyuma, nikapanda kwenye kabini ya lori lile lile la Kibii, ambalo bado lilikuwa limeegeshwa likiwa limebondeka mbele, likitazamana na mlango wa chumba cha seva. Malori yalikuwa mengi, mafundi wanafungua magurudumu, vumbi jeupe limetanda kila mahali. Nilikuwa na kompyuta yangu mapajani. Saa tano na nusu Okeyo akatoka stoo ya tairi, akafungua chumba changu, akaingia. Kwenye skrini diski namba tatu ikatoweka. Kisha namba kumi na moja. Kisha namba ishirini. Moja kutoka kila seva, ndani ya dakika nne. Halafu diski tatu zingine zikajitokeza, moja kwa kila seva, na programu ikaandika pembeni mwa kila moja kwamba ni ngeni, haijulikani.

Okeyo akatoka. Kwapani alikuwa amebana kitu cha mstatili kilichofungwa kitambaa.

Nilimpigia soja wa getini amshike. Nilishuka mbio hadi nikaacha kiatu kwenye ngazi ya lori. Nilipofika, soja alikuwa ameshamwinua mikono, na madereva wanatazama. Kitambaa kilifunguliwa. Ndani mlikuwa na kitabu chake na kipande cha chaki.

"Ziko wapi?" nikamwuliza.

"Nini iko wapi?"

"Diski tatu. Umempa nani?"

"Ziko huko ndani, madam. Twende nikuonyeshe."

"Huko ndani umeweka zingine. Nani amekutuma?"

Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kitabu sikukifungua. Nilikuwa tayari nimeamua kwamba diski zimerushwa juu ya ua kwa mtu aliyekuwa akingoja upande wa pili, na kila alichosema kilikuwa kinathibitisha hivyo. Nikampigia Rupinder. Nilitega sikio nisikie kama atashtuka au atajifanya. Akasema Okeyo aache funguo, aende nyumbani hadi Jumatatu. Upesi sana, nikawaza. Anamtoa mtu wake nisipate kumhoji. Okeyo alizitoa funguo zake kwenye pete moja moja, zote kumi na saba, akampa soja, akaondoka na kitabu chake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipofanya nilichofanya. Niliingia kwenye chumba na kukuta diski tatu ngeni zimekaa vizuri, taa zinawaka. Ghala lilikuwa limesimama. Programu iliniambia kuna vipande mia mbili na kumi na vinne ambavyo havina nakala inayosomeka mahali popote, na ikaniuliza kama kuna diski ninazoweza kurudisha. Mtu mtulivu angesoma hivyo akajiuliza. Mimi nilisoma nikaona ushahidi wa wizi. Diski zangu zimekwenda, nikasema, na hizi zimewekwa ziniletee virusi. Nikachagua kuzifuta zote tatu. Programu ikauliza kama nina hakika. Sikufuta kijuujuu, nilichagua ile njia ndefu inayoandika sifuri juu ya kila kitu, mwanzo hadi mwisho, ambayo haina kurudi. Ilichukua mchana wote. Nilikaa pale nikiitazama, nikajisikia nimelinda kitu.

Jumatatu asubuhi nilifungua video ya Kibii kuhakikisha. Ilizunguka, ikazunguka, ikakataa. Nikajaribu tena. Nikaanzisha mashine upya, nikajaribu tena. Vipande vilivyokosekana vilikuwa katikati ya video ya kamera ya ndani na karibu sauti yote. Wameipata, nikajiambia, na nikapanda ngazi hadi ofisini kwa Rupinder nikiwa nimekunja ngumi.

Okeyo alikuwa ameshafika. Amevaa koti lake la kanisani, amekaa wima, kitabu kiko juu ya meza. Rupinder hakuninyanyulia sauti.

"Trizah, hizo diski ziko ndani saa hii, unaweza kuona namba yao ya factory?"

"Naweza."

"Soma."

Nikafungua kompyuta nikaanza kusoma, na Rupinder akafuata kwa kidole kwenye kitabu. Ya kwanza ilikuwemo. Ya pili ilikuwemo. Nilipofika ya kumi sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua. Zote ishirini na nne zilikuwemo, zile zile zilizopokelewa siku ya kwanza, hakuna hata moja iliyotoka kwenye yadi. Kisha akanigeuzia kitabu. Kilikuwa kitabu cha tairi. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa lori, umechorwa magurudumu ishirini na mawili na mishale inayoonyesha kila tairi imetoka ekseli gani imekwenda ekseli gani. Ukurasa wa kulia ulikuwa umechorwa seva tatu, na mishale mitatu. Ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya kwanza. Chini yake, kwa mwandiko safi, tarehe ya Jumamosi.

"Tairi ya mbele inaliwa mbio kuliko ya nyuma," Okeyo akasema, ananiambia mimi, si Rupinder. "Usipozungusha, moja inakufa ingine bado mpya. Kila end month nazungusha. Hizi zako nikaona ni hivyo hivyo. Zingine zinafanya kazi sana. Mara ya kwanza nilitoa moja tu, nikapanguza vumbi, nikaacha ipoe, nikarudisha. Nikaona hakuna shida. Mara ya pili pia. Ndio nikazungusha."

"Nani alikuambia unaweza kutoa diski?"

"Si wewe, madam. Ulitoa moja mbele ya mzee. Ukasema toa yoyote, kazi inaendelea. Ukasema mara mbili."

Sikuweza kumtazama. Zile ngeni tatu zilikuwa zangu; programu huijua diski kwa seva iliyomo tu, ndiyo maana ilizikana. Zilikuwa zimekaa tu kwenye viti vya wenzake, na nakala za Kibii zikiwa ndani, nzima. Ningezirudisha mahali pake, kwa dakika tano tu ghala lingeamka likaendelea na kazi. Okeyo alinyanyua kitu bila kujua. Aliyekivunja ni mimi.

"Inarudi?" Rupinder akauliza.

"Hairudi."

Akafungua droo, akatoa barua, akaisukuma upande wangu. Ilikuwa imeandikwa siku ile ile aliyoniomba flash. Kampuni inakubali kwamba dereva aliripoti hitilafu ya breki na akaamriwa aendelee, video imeambatanishwa. Mzee Manjit alikuwa amesaini kwa kalamu yake ya wino.

"Baba aliamini maneno ya Kibii, akasema hatuwezi kufunga mtu kwa makosa yetu," Rupinder akasema. "Lakini watu wa bima wamekataa barua itoke bila video. Wanasema bila video ni maneno yetu tu na wao ndio watalipa. Nilikuwa nangoja wewe."

Nilitaka kusema kitu kuhusu mfumo, kuhusu nakala tatu, kuhusu utaratibu wa funguo. Nilianza hata. Okeyo akafunga kitabu chake.

"Ungeniuliza tu," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

Nilimwomba msamaha hapo hapo, mbele ya Rupinder, na baadaye mbele ya soja na madereva, kwa sababu nilimvua heshima mbele yao. Alirudishiwa funguo zake. Ya chumba cha seva akaiacha mezani.

Kilichobaki kilikuwa masikio yangu. Mtu pekee aliyeitazama video ile hadi mwisho ni mimi, na wakili wa Kibii alisema afadhali ushahidi dhaifu kuliko hakuna. Akanionya. Upande wa mashtaka watauliza kwa nini mtu wa kampuni, aliyeficha video kwa karibu wiki mbili, akaifuta siku nne kabla ya kesi, sasa anakuja kusema ilikuwa na nini ndani. Akaniuliza kama ningekuwa hakimu ningemwamini mtu huyo. Nikamwambia ukweli, kwamba nisingemwamini.

Jumatano Kibii alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Niliomba niachiwe kazi hiyo mwenyewe. Nikakaa kando yake nikamwambia yote tangu mwanzo, flash niliyokataa kutoa, Jumamosi niliyojificha kwenye lori lake, kitufe nilichobonyeza. Nilimwambia yale maneno yake ya simu nayakumbuka yote na nitayasema neno kwa neno.

Alisikiliza akiangalia viatu vyake. Watu walikuwa wakipita mbele yetu na mafaili yao.

"Kampuni ilikupatia nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Kibii. Hakuna mtu alinituma."

"Diski ishirini na nne. Ukafuta tatu, na yangu ikawa huko."

"Najua inavyosikika."

"Hapana, wewe unajua ilivyokuwa," akasema. "Mimi ndiyo nasikia tu. Utaingia huko useme mimi nilipiga simu, na ni kweli nilipiga. Lakini hii ingine yote ya Okeyo na tairi, wakisema umedanganya, hata mimi sitajua."

Karani akachungulia mlangoni akaita kesi yetu, tukainuka, yeye akaelekea kizimbani na mimi nikaonyeshwa mahali pa kungojea.